Sikuulizi bei, Mjomba

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili moja baada ya alasiri. Ni muuguzi, ana miaka 28, na tangu alipopata kazi ya kudumu amekuwa akijinyima ili apate pahali pake mwenyewe. Ameona fleti Bamburi, vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya pili, upepo mzuri, na mwenyewe anataka kuuza. Akaniuliza: "Mjomba, ninunue sasa au nisubiri uchaguzi upite?"

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa kisiwani Mombasa, mwaka wa 18 sasa, na kazi yangu kubwa ni mikataba ya kuuziana nyumba na viwanja. Swali hilo niliulizwa kabla ya 2013, nikaulizwa kabla ya 2017, nikaulizwa kabla ya 2022, na sasa naulizwa tena tukielekea uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Jibu ninalo mdomoni. Nikammwagia lote: riba, ushuru wa stempu, siku 90 za mkataba, wauzaji wanavyobadilika. Nilisema karibu robo saa bila kumpa nafasi. Nilipotua akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Sikuulizi bei, Mjomba."

Maneno matatu tu, na yamenikosesha usingizi siku kadhaa.

Lakini nianze na bei, maana ndiyo wengi wanayoiulizia.

Watu hudhani uchaguzi ukikaribia nyumba za Mombasa hushuka. Kwa miaka yote niliyokaa na mafaili, ni nadra kuona bei iliyotajwa ikishuka sana. Kinachoshuka ni mwendo. Kibao cha kuuza kinatolewa ukutani. Dalali anasema mwenyewe amesafiri. Mthamini wa benki anaahirisha mara mbili. Muuzaji wa Nyali au Kizingo ambaye hana shida ya pesa haoni kwa nini auze Juni kwa bei ya wasiwasi ilhali anaweza kukaa hadi Oktoba. Mnunuzi naye anajiambia vivyo hivyo. Wanangojeana, na soko linakuwa kama kivuko cha Likoni asubuhi feri ikiharibika: watu wamejaa ng'ambo zote mbili na hakuna anayevuka.

Wa kwanza kunyamaza ni wale walio ughaibuni. Simu zao, ambazo kwa kawaida huingia usiku kwa sababu ya tofauti ya saa, hukatika kuanzia Mei hivi. Wanafuatwa na watu wa Nairobi wanaonunua fleti za likizo Shanzu na Mtwapa. Mtu anayenunua ili akae mwenyewe, yule mwalimu, yule karani wa bandari, huyo huwa hana anasa ya kungoja, kwa sababu mwenye nyumba wake amemwongezea kodi au mtoto amekuwa mkubwa. Ndiye anayebaki sokoni peke yake, na ndiye mwenye maarifa machache kuliko wote.

Halafu kuna mafundi. Waashi na mafundi wa mabomba wengi wanaojenga fleti hizi wamejiandikisha kupiga kura makwao. Wiki mbili kabla ya kura wanapanda basi, na hurudi pale hali inapoeleweka. Jengo linabaki na mlinzi na mchanga uliolowa. Aliyenunua nyumba ambayo bado iko kwenye ramani, akaahidiwa funguo Septemba ya mwaka wa uchaguzi, asishangae akizipata mwaka unaofuata.

Na wapangaji. Hili halisemwi sana. Julai ikifika, mpangaji wa Changamwe au Mishomoroni mwenye asili ya bara anamsafirisha mke na watoto, anabaki yeye na godoro moja. Wengine hurudisha vyumba kabisa. Mwenye nyumba aliyekopa benki akitegemea kodi ya vyumba vinane anajikuta na vyumba vitano, na benki haijui habari za uchaguzi.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ya kalenda. Uchaguzi wa 1992, 1997, 2002 na 2007 yote ilifanyika siku za mwisho za Desemba, yaani katikati ya msimu wetu mkubwa wa watalii. Mpishi wa hoteli ya Bamburi alitegemea Desemba hiyo hiyo kulipa kodi ya miezi ya mbele. Baada ya kura ya Desemba 27, 2007 vitanda vilibaki vitupu mpaka katikati ya 2008, na uchumi wa nchi uliokuwa ukikua kwa kama 7% ukaanguka chini ya 2%. Hapo ndipo nilipoanza kazi, nikiwa kijana wa kupeleka barua. Nakumbuka mafaili ya watu waliokuwa wakilipia viwanja kidogo kidogo kwa mshahara wa hoteli; mengi yalifungwa kwa barua ya aya mbili. Katiba ya 2010 ikahamisha uchaguzi hadi Jumanne ya pili ya Agosti, na kwa Pwani hilo peke yake lilikuwa nafuu ambayo sijui kama walioandika katiba waliifikiria.

Mwaka 2022 Mombasa tulipata yetu ya peke yetu. Nchi nzima ilipiga kura Agosti 9, lakini karatasi za kura za ugavana wa Mombasa na Kakamega zilikuwa zimechanganyika, ikabidi tungoje mpaka Agosti 29. Siku 20 zaidi za kukaa roho juu. Kisha kesi ya urais Mahakama ya Juu, iliyoamuliwa Septemba 5. Mteja mmoja alikuwa na pesa zote mkononi, muuzaji ametia sahihi, imebaki kulipa tu, na bado alikataa kulipa hadi mahakama iseme. Nilimwona kama mtu aliyezidisha hofu. Sasa simlaumu.

Mwaka ule ule, Juni, sheria ya fedha ilipandisha kodi anayolipa muuzaji juu ya faida ya mauzo kutoka 5% hadi 15%, ianze Januari 1, 2023. Kwa hiyo wauzaji waliokuwa wamelala kwa sababu ya uchaguzi waliamka wote kwa pamoja Oktoba, wakikimbilia kumaliza kabla ya mwaka mpya. Mnunuzi aliyekuwa na subira na pesa taslimu katika miezi ile mitatu alipata nyumba nzuri. Sababu ilikuwa sheria ya kodi, iliyopita kimya kimya watu wakiwa wanaangalia mikutano ya hadhara.

Ndipo nasema siku zote: usiangalie kura, angalia kinachotiwa sahihi kandokando ya kura. Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe bandari ya Mombasa. Kwa mtu wa Nairobi ilikuwa habari ya biashara. Kwetu ilikuwa habari ya nyumba. Tangu reli ya kisasa ilipoanza 2017 na mizigo ikaelekezwa bara, maghala ya Changamwe na Miritini yalikuwa yamefungwa, madereva na makarani wa kutoa mizigo wameondoka, na vyumba vilikuwa vikitangazwa kwa chaki mlangoni. Tangazo la siku moja halikujaza vyumba, lakini lilibadilisha sauti ya wenye nyumba kwenye simu.

Haya yote nilimwambia mpwa wangu Jumapili ile. Nilimwambia pia kwamba riba ya msingi ya Benki Kuu ilifika 13% Februari 2024, ikaanza kuteremka Agosti mwaka huo, na Oktoba 2025 ilikuwa 9.25%, kwa hiyo mkopo leo si ule wa kuua mtu wa miaka miwili nyuma. Ni kweli yote. Naye alinisikiliza kwa adabu.

Ila mama yake ni dada yangu mkubwa, na baba yake ni Mluhya wa Vihiga.

Sisi ni watu wa Likoni. Usiku wa Agosti 13, 1997, miezi minne na nusu kabla ya uchaguzi, kikundi cha vijana wenye silaha kilivamia kituo cha polisi cha Likoni, kikaua polisi kadhaa na kuchukua bunduki, kisha kikaingia mitaani kikiwatafuta watu wa bara. Kabla ya hapo vikaratasi vilikuwa vimetupwa vikiwaambia waondoke. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika majuma yaliyofuata na makumi ya maelfu wakakimbia makwao. Tume iliyoundwa baadaye ilisikia ushahidi wa namna siasa za uchaguzi zilivyohusika: wapiga kura wengi waliofukuzwa walionekana ni kura za upinzani.

Nilikuwa na miaka 12. Shemeji yangu, aliyekuwa kibarua wa bandari, alikaa siku tatu ndani ya chumba cha bibi yangu bila kutoka hata kwenda msalani mchana. Siku ya nne baba alimvusha feri akiwa amevaa kanzu na kofia ya baba mwenyewe. Dada yangu alimfuata na begi moja. Mpwa wangu alizaliwa mwaka uliofuata, Changamwe, na mpaka leo baba yake hajawahi kulala Likoni. Anakuja Idi, anakula, jua likianza kuinama anavuka.

Kwa hiyo mtoto huyu anaponiuliza anunue sasa au asubiri, anauliza kitu kingine. Anauliza: nikishanunua, nitaachwa nikae?

Ukuta wa nyumba yetu ya Likoni uligusana na wa jirani mmoja, Mkamba, aliyejenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita akiwapangisha wafanyakazi wa feri. Alijenga kwa utaratibu wetu wa Mombasa unaoitwa nyumba bila ardhi. Msomaji wa kwingine huenda asiujue, na bila kuujua hutaielewa hofu ya makazi ya mji huu. Ardhi ni ya mtu mmoja, mara nyingi ukoo wa zamani wenye hati ya tangu enzi za sheria ya ardhi ya 1908. Nyumba iliyo juu yake ni ya mtu mwingine, ambaye humlipa mwenye ardhi kodi ndogo ya kila mwezi. Unaweza kuiuza nyumba, kuirithisha, kuikopea fedha kwa watu wa mtaani. Udongo si wako. Mtaa wa Majengo umejengwa hivyo, na sehemu kubwa za Kisauni na Likoni vilevile. Watu wamezaliwa humo vizazi vitatu. Na usipolipa kodi ya ardhi miezi kadhaa, mwenye ardhi anaweza kukwambia ondoa mabati yako.

Usiku wa pili wa ghasia yule jirani alibisha kwetu. Aliitaka familia yake ivuke kukipambazuka. Alimwomba baba ainunue nyumba, kwa pesa ambazo ukubwani nimekuja kupiga hesabu nikaona hazikutosha hata bei ya mabati na boriti. Baba alikuwa na pesa hizo. Mama alijua zilipo. Baba akamwambia, "Nenda, nyumba nitaitazama." Akafunga milango sita kwa kufuli sita. Kila mwisho wa mwezi, kwa miaka miwili, alipeleka kodi ya ardhi kwa mwenye ardhi kwa jina la jirani yake, ili asije mtu akasema nyumba imeachwa. Jirani alirudi 1999. Alimpa baba mbuzi na akalipa kila senti.

Nimelihadithia hilo mara nyingi, kwenye harusi na matanga, kama sifa ya baba. Sikuwahi kuongezea sehemu yangu.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka 32 na nilikuwa nimepata nyumba Mikindani, vyumba vitatu na ua wenye mwarobaini. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu kutoka bara, amefundisha Pwani zaidi ya miaka 30. Tuliandikiana mkataba Julai 18, kwa shilingi milioni 4.6, nikalipa arubuni ya sehemu ya kumi kama ilivyo desturi, na salio lilipwe ndani ya siku 90. Pesa nyingine ilitoka benki. Wakati huo sheria ya 2016 ilikuwa imezizuia benki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu, yaani 14% kwa wakati ule. Wanasiasa waliipitisha mwaka mmoja kabla ya uchaguzi na ilipokelewa kwa vigelegele. Lakini mkopeshaji akishafungwa mkono kwenye bei, huchagua watu. Benki zikawakwepa watu kama mimi na kuikopesha serikali. Niliupata ule mkopo kwa kuzungushwa miezi saba. Sheria yenyewe ilifutwa Novemba 2019.

Tulipiga kura Agosti 8. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais. Marudio yakapangwa Oktoba 17, kisha yakasogezwa hadi Oktoba 26. Siku yangu ya 90 ilikuwa Oktoba 16. Benki ikasema inangoja hali itulie kabla ya kutoa pesa.

Nilikwenda kwa mwalimu katikati ya Septemba. Mke wake alikuwa ameshafunga vyombo kwenye masanduku. Alikuwa na hofu, na hakuificha: alikuwa Mombasa 1997, alikuwa hapa 2007, na mwaka 2012 alisoma kwenye kuta maandishi ya "Pwani si Kenya" akienda shule. Hakutaka kuuona uchaguzi wa pili wa mwaka mmoja akiwa hapa. Mimi nilijua sheria. Nilijua kwamba nikishindwa kulipa kwa wakati, yeye ndiye mwenye haki ya kubaki na arubuni yangu. Yeye pia alijua, maana ni mtu msomi. Hata hivyo nilimwambia soko limeanguka, nikamwambia atanipunguzia laki nne, na mimi nitaharakisha benki. Aliniangalia, akamwangalia mkewe, akasema sawa.

Soko halikuwa limeanguka. Nilikuwa nimeona mafaili ya wiki ile ile. Bei zilikuwa pale pale, ni watu tu waliosimama. Laki nne zile nilizikata kwenye hofu ya mzee. Machi 9, 2018 Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga wakapeana mkono mbele ya ofisi ya Harambee, na kabla mwaka kwisha nyumba ya mtaa wa nyuma, ndogo kuliko yetu, iliuzwa kwa zaidi ya ile bei ya kwanza ya mwalimu.

Nasema haya wazi kwa sababu kila nikisoma ushauri unaowaambia wanunuzi kwamba msimu wa uchaguzi ni nafasi ya kupata nyumba rahisi, nafikiri juu ya yale masanduku. Muuzaji wa Nyali anayengoja Oktoba hatakupa nafuu yoyote. Anayekupa nafuu Mombasa mwezi wa Julai ni yule aliyeulizwa na mtu dukani, "Wewe hasa ni wa wapi?" Unafuu unaoutafuta unatoka kwake. Kuna muuzaji mwenye deni, kuna anayehama kwa sababu ya kazi, na kwa hao bishana bei mpaka jua litue, ndiyo biashara. Lakini dalali akikunong'oneza kwamba mwenyewe ni mtu wa bara na ana haraka, jua unachouziwa.

Kwa upande wa pili, ningekuwa mwongo kama ningemwambia mpwa wangu hakuna la kuogopa. Msimu wa kampeni ndio msimu wa kukata viwanja. Anayegombea hataki kuonekana anawafukuza wapiga kura, polisi wanangoja amri, na shamba lililokaa wazi miaka linaamka na vijiti na kamba. Shamba la Waitiki pale Likoni, ekari 930, lilivamiwa katika ghasia zile zile za 1997, na Januari 2016 Rais Kenyatta alikuja kuwapa hati waliokuwa wakikaa humo, mwaka mmoja na nusu kabla ya kura. Siwaonei choyo, zaidi ya miaka 18 ya kulala bila hati naijua. Nasema tu kwamba huku kwetu hati na uchaguzi hutembea pamoja, na mnunuzi lazima aulize hati anayoonyeshwa ilizaliwa vipi. Wapo wanaouziwa kipande cha shamba Utange au Mwakirunge kwa karatasi ya chifu na muhuri wa kamati, wakiambiwa hati inakuja baada ya uchaguzi. Nimewaona watu hao ofisini kwetu. Huja na bahasha iliyokunjwa mara nne, na huwa siwezi kuwasaidia.

Wala nyumba za serikali si jibu la haraka. Mpwa wangu hukatwa 1.5% ya mshahara kila mwezi kwa ushuru wa nyumba, na mwajiri wake hulipa kiasi kama hicho. Ushuru ulianza 2023, Mahakama Kuu ikautupa Novemba mwaka huo, ukarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Kabla yake kulikuwa na ahadi ya nyumba 500,000 baada ya uchaguzi wa 2017. Hapa mjini tumeona nyumba za kaunti za Buxton zikibomolewa 2021 na maghorofa kusimama pahali pake, na wapo waliopata. Lakini mpwa wangu akiniuliza kama angoje yake, nampa jibu la mtu anayempenda: endelea kukatwa, jiandikishe, na usiache kutafuta.

Nilimpigia tena Alhamisi. Safari hii nilianza kwa kumwuliza baba yake anasemaje. Akacheka kidogo. Akasema baba yake amemwambia anunue Vihiga.

Tulizungumza muda mrefu. Nilimwambia kwamba babake ana haki ya kuogopa, na kwamba yeye amezaliwa hapa, amesoma hapa, anawazalisha akina mama wa hapa usiku kucha, na sitaki afanye mahesabu ya maisha yake kwa miaka mitano mitano kama mtu aliyekodi mji. Nilimwambia Bamburi si Likoni ya 1997, na nchi pia si ile. Uchaguzi wa 2022 nilikwenda kupiga kura na kurudi kuchambua samaki. Sikumwahidi kitu. Mambo ya kuahidi niliyokuwa nayo ni ya karatasi tu, na hayo nilimpa yote.

Kwanza, ile fleti ina hati yake au bado imo ndani ya hati mama ya jengo zima? Sheria ya mwaka 2020 inataka kila fleti iwe na hati yake, lakini majengo mengi ya zamani hayajabadilisha. Hilo tulijue kabla ya shilingi moja kutoka. Sachi, yaani kukagua hati kwenye ofisi ya ardhi, ifanywe mara mbili, siku ya kuanza na tena siku ya kulipa, maana kati ya hizo mbili ndipo mambo huingia. Arubuni ishikwe na wakili, isifike kwa muuzaji mpaka uhamisho uwe tayari. Siku 90 hazitoshi zikigusa Agosti. Tuandike 150, na tuandike kwamba ofisi ya ardhi au benki ikifungwa kwa sababu ya uchaguzi au marudio yake, siku hizo zisihesabiwe. Mawakili wengi watakubali, kwa sababu hakuna aliyesahau 2017. Na aweke kando 4% ya ushuru wa stempu tangu sasa, asije akaikopa dakika ya mwisho.

Jumamosi tukaenda kuiona. Muuzaji ni mama wa makamo, mjane, anahamia kwa mwanawe Nakuru. Alitupa chai ya tangawizi na mahamri. Fleti ni safi, bomba la jikoni linavuja, upepo ni wa kweli. Akataja bei yake. Mpwa wangu alinigeukia, kama anavyofanya mtu aliyekuja na mzee wake ili amsemee.

Nilimwuliza yule mama kama kuna mtu anayemharakisha. Akasema hapana, mwanawe anajifungua Desemba, anataka awe karibu. Basi tukabishana naye. Tulipunguziwa kwa ajili ya bomba, na kwa ajili ya deni la maji, na kidogo kwa ajili ya adabu. Mama huyo anajua kubishana, tulitoka jasho.

Usiku ule nilitafuta namba ya mwalimu. Hunipigia kila baada ya uchaguzi, mara moja, kuuliza kama kumetulia, na mimi huwa namjibu haraka na kukata. Safari hii nilipiga mimi, na uchaguzi bado. Alishtuka, akauliza kuna nini Mombasa. Nikamwambia hakuna kitu, nataka kuzungumza naye habari ya laki nne. Kukawa kimya upande wake, nikasikia redio nyuma na mtu akiambiwa aipunguze.

"Ngoja nikae," akasema.